Tulivyoyaaga Matrekta Yetu Mawili

Mume wangu alikuwa na matrekta mawili, na kwa miaka mingi nilizoea kusema, mara kwa mzaha na mara bila mzaha, kwamba mimi nilikuwa mke wa tatu. Lakini mtu asidhani nalalamika. Matrekta hayo ndiyo yaliyotulisha na kutusomeshea watoto watano, na ndiyo yaliyonionyesha kuwa mikono yangu inaweza kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniwazia. Nimekaa kuandika jinsi tulivyoagana nayo kwa sababu wajukuu huniuliza, na kila nikiwasimulia kwa mdomo nasahau kitu.

Nilipoolewa, katikati ya miaka ya thelathini, yeye alikuwa tayari dereva katika shamba la mzungu mmoja huko Kitale, ukielekea Saboti. Tulipewa kibanda kwenye laini ya wafanyakazi na mahali pa kupanda mahindi yetu. Siwezi kusema yalikuwa maisha matamu. Posho ilipimwa kwa mkebe, kipande cha mume wangu, kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni, kilimning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, na ng'ombe wetu akivuka mpaka yalikuwa maneno. Hata hivyo kila asubuhi mume wangu alitoka nyumbani akipiga mluzi, na sababu ilikuwa trekta.

Lile la kwanza lilikuwa la chuma kuanzia juu hadi chini. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma yenye meno, kiti chake cha chuma chenye matundu kama chekecheke, na halikuwa na kifuniko cha jua wala cha mvua. Lilifika Kitale kwa treni likiwa vipande vipande ndani ya masanduku, na wakati huo mume wangu alikuwa mwendesha ng'ombe wa kulima tu. Aliniambia walivyoliunga yeye na bwana wake. "Bwana alisoma kitabu, mimi nikatazama picha, tukafika mwisho pamoja." Kuliwasha ilikuwa kazi ya mwanamume mwenye kifua. Ulilizungusha kwa hendeli likiwa na petroli, na likishapata moto unaligeuzia mafuta ya taa. Siku moja hendeli ilirudi nyuma kwa ghafla ikamvunja kifundo cha mkono. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo, na tangu siku hiyo alisalimia watu kwa mkono wa kushoto akiomba radhi.

La pili lilikuja karibu na vita. Lilikuwa jekundu, lenye magurudumu ya mpira, na watu wa laini walitoka wote kuligusa. Vita vilipoanza serikali ikataka mahindi mengi, na vipuri havikuja tena. Hapo ndipo mimi nilipoingia kwenye habari hii. Mkanda wa feni wa lile jekundu ulikatika wakati wa kulima, na dukani mjini hapakuwa na mwingine. Mume wangu alileta ngozi ya ng'ombe nyumbani, akaniambia, "Wewe unajua kushona kuliko mimi." Niliilainisha kwa mafuta siku mbili, nikaikata, nikaishona kwa msharasi wa kutobolea ngozi, mishono miwili miwili. Mkanda ule ulizunguka msimu mzima. Bwana mwenye shamba alikuja kuutazama akiwa amevua kofia.

"Nani nashona hii?" aliuliza, kwa Kiswahili chao.

"Bibi yangu, bwana."

Jioni hiyo alituma sukari, nayo sukari wakati wa vita ilikuwa kama dawa. Tuliila kwa kijiko kidogo kwa mwezi mzima.

Vita vilipokwisha, yule bwana alikuwa mgonjwa. Miguu ilimvimba, moyo ulimchoka, na ndugu zake wa Ulaya walimwandikia arudi. Aliuza ng'ombe, akauza nyumba na vyombo, lakini alipofika kwenye matrekta akasita. Alimwita mume wangu kwenye stoo, nami nilikuwa nje na mtoto mgongoni, nikasikia yote.

"Hii nyekundu wewe taka nunua?"

Mume wangu akasema anataka, na akataja alichokuwa nacho. Yule mzee akakubali bila kubishana. Kisha akaweka kiganja juu ya lile la chuma. "Hii mimi hapana uza. Hii wewe natengeneza miaka yote. Hii yako tangu zamani." Akaondoka akitembea kwa bakora, hakugeuka. Nimesikia watu wengi wakizungumza habari za mabwana wa zamani, na mengi ni ya kweli, mabaya. Mimi pia ninayo yangu mabaya. Lakini jambo hili lilitendeka, na ningekuwa mwongo kuliacha.

Basi tukahama. Kwetu ni Bungoma, karibu na Kanduyi, kwenye ardhi ya baba mkwe wangu aliyekuwa ameshafariki. Lile jekundu mume wangu alilipeleka kwanza, akivuta trela lenye watoto, kuku, vyungu na kitanda. Kisha sisi wawili tukarudi kulichukua la chuma, na safari hiyo ilichukua siku tatu. Meno yake hayakuruhusiwa barabarani kwa sababu yaliichimbua, kwa hiyo tulipita kando kando, kwenye njia za ng'ombe. Mimi nilitangulia kwa miguu nikitazama mashimo na mawe, nikinyoosha mkono wa kulia au wa kushoto, naye akinifuata na ile ngurumo. Kila tulipopita watu waliacha majembe yao wakaja kusimama. Bibi mmoja alitupatia ndizi mbivu akasema hajawahi kuona mtu anafuatwa na nyumba.

Tulipofika kwenye daraja la mbao alisimamisha trekta. Alishuka, akatazama mbao chini na juu, akaniambia, "Vuka wewe kwanza. Nikianguka, nenda nyumbani kwa mama, usikae hapa unalia."

"Na nikilia huko kwa mama?"

"Huko lia unavyotaka."

Nilivuka nikasimama ng'ambo. Mbao zililia kama mtu anayeng'olewa jino. Nilikuwa nikisali kwa sauti bila kujua, maana watu waliokuwa mtoni wakifua waliitikia "Amina" alipofika. Katika siku zile tatu, kwa kutembea mbele yake bila kugeuka, niliijua sauti ya trekta lile. Nilijua linavyosema likipanda, linavyosema likikosa mafuta, na linavyosema likitaka kuzima.

Mwanzoni wazee wa kwetu walilikataa. Walisema chuma kile kitapindua udongo wa chini uliolala tangu mababu, na mahindi yatakuwa ya njano. Mume wangu hakubishana na mtu. Alilima shamba la kanisa bure, na mavuno yalipoonekana wakaanza kuja mmoja mmoja, wakipita nyuma ya nyumba wasionekane na wenzao. Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Januari na Februari, kabla ya mvua ya masika, alikuwa hashuki kitini ila kula na kulala. Wajane aliwalimia kwanza. Aliniambia mjane akichelewa kupanda hana wa kumkopesha, lakini mwanamume atakopeshwa na mashemeji.

Ndipo mgongo ukaanza. Kumbe ulikuwa umeanza Kitale, ila alinificha. Nilikuja kujua kwa sababu asubuhi hakuinuka kitandani kama watu. Alijiviringisha, akaanguka kwa magoti, kisha akapanda ukuta kwa mikono. Nikamlazimisha kwenda hospitali ya serikali. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, mguu mmoja ukakataa kuitikia. Akamwuliza anakalia nini kazini. Mume wangu akaeleza kile kiti cha chuma, miaka karibu ishirini.

Daktari akasema, "Uchague. Mashine au miguu."

Alichagua miguu, kwa mdomo. Siku ya tatu baada ya hapo nilikuwa nikichuma mboga ya mrenda, nikasikia trekta la chuma linanguruma mahali pamoja bila kusogea. Nilingoja. Halikusogea. Nikaweka kikapu chini nikakimbia. Nilimkuta amekaa kitini, mikono kwenye usukani, machozi yanamtoka, hawezi kushuka wala kwenda mbele. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Niliita majirani, wakaja wanaume wanne na mlango wa jikoni waliouvua kwenye bawaba zake, tukamteremsha juu yake kama maiti. Alinishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "Zima. Linakula mafuta bure."

Nilipanda nikalizima. Nilijua pa kugusa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kukaa juu ya kiti kile.

Alilala chali wiki tatu, juu ya mbao. Mvua ilikuwa inakaribia, na mashamba manane yalikuwa yameahidiwa. Wenye mashamba walikuja kumjulia hali, wakaleta mayai na maziwa, wakakaa, wakatazama mawingu, na hakuna hata mmoja aliyetaja shamba lake. Heshima hiyo ilimuuma kuliko mgongo. Siku moja baada ya wageni kuondoka akaniambia, "Mama watoto, nenda ukaliwashe lile jekundu."

"Niliwashe nifanye nini?"

"Liwashe tu. Halafu uje uniambie limesema nini."

Nilienda nikazungusha hendeli kwa nguvu zangu zote, huku nikiweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine kama alivyonifundisha, ili ikirudi isinivunje. Mara ya tano likawaka. Niliruka nyuma kama niliyekanyaga siafu. Niliporudi ndani alikuwa anacheka, cheko la kwanza tangu ile siku ya mlango.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Watu walimbeba na kitanda chake cha mbao mpaka chini ya banda, pembeni mwa shamba letu wenyewe, naye akanifundisha akiwa amelala. Mkono juu ulikuwa na maana ya kusimama. Mkono wa kulia, geuka. Akipiga sufuria kwa kijiko, basi nimekosea gia. Sufuria ile ililia sana wiki ya kwanza. Mistari yangu ilipinda kama nyoka aliyelewa. Nililia pia, nikiwa juu, mahali ambapo ngurumo ilinifichia.

Maneno yalianza upesi. Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba na hapandi mti, na sasa walikuwa wanauliza je, atapanda trekta? Mwanamke mmoja tuliyeimba naye kanisani aliniambia waziwazi kwamba nimemzika mume wangu kabla hajafa. Nilimwogopa hasa mama mkwe wangu, maana alikuwa mtu wa mila, mwenye maneno machache na mazito. Siku niliyokwenda kulima shamba la jirani wa kwanza, nilimwona anakuja kwa njia ya mpakani, na kibuyu chake, na watu waliokuwa wamekusanyika kutazama wakampisha njia. Nilizima injini nikashuka, nikasimama mbele yake nimeinamisha kichwa.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe nini?"

Alilitazama trekta, akanitazama mimi, akatazama watu.

"Mwanangu hawezi kukaa," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Wewe unaweza. Sasa mbona umesimama? Mvua itakungoja?"

Akanipa maziwa ya kibuyu nikanywa, kisha akatangulia mbele ya trekta, bibi wa miaka sabini na kitu, akiokota mawe na kuyatupa kando. Aliokota mawe mpaka saa sita mchana. Yule mwanamke wa kanisani alipoona hivyo, naye akaja akaokota. Mashamba manane yote yakalimwa kabla ya mvua, mawili ya mwisho ukingoni mwa mvua kabisa, matone ya kwanza yakinipiga shingoni.

Nililima misimu miwili, na wa tatu nusu. Mume wangu alipona kiasi cha kutembea kwa fimbo na kukaa kwenye kiti chenye mto, lakini mtetemo hakuuweza tena. Akawa mtengenezaji, nami nikawa dereva. Niseme kweli, zilikuwa siku zetu bora. Tulikuwa na jambo la kuzungumza kutoka asubuhi. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia, "Leo la chuma limekohoa kwenye kilima," naye anauliza, "Kikohozi kikavu au cha maji?" na tunajadiliana kama wazazi wenye mtoto mgonjwa.

Mimi sikutaka tuyaache. Naliandika hili kwa sababu watoto wangu wanadhani baba yao ndiye aliyeng'ang'ania. Sivyo. Ilikuwa mchana, tunapukuchua mahindi uani, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama watoto, naona sasa tuyaache."

"Tuyaache vipi?"

"Bega lako. Unadhani sioni unavyojifunga nguo kwa mkono mmoja?"

Ni kweli, hendeli ilikuwa imenila bega. Tena nilikuwa na mimba, ile ya kitinda mimba wetu, ambayo nilidhani nimeificha. Isitoshe chama cha wakulima kilikuwa kimeleta matrekta mapya, yale yanayoinua plau yenyewe, na yalimaliza kwa nusu siku kazi ya siku zangu mbili. Hakuna mtu aliyetuacha kwa ubaya. Ila wengine walipoagiza yale mapya walipita tena nyuma ya nyumba, kama zamani.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba yeye alikwishapata miaka yake ishirini, na mimi misimu miwili tu. Aliweka gunzi chini. "Najua," akasema. "Najua kabisa. Ndiyo maana nasema mimi, usije ukalazimika kusema wewe." Niliingia jikoni nikakaa na moshi.

La chuma ndilo lililoondoka kwanza. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake na nyundo kubwa ya kuvunjia, akalizunguka akilipima kwa macho. Akasema atalichukua siku hiyo hiyo, ila atalivunja pale pale uani, kwa sababu likiwa zima halipandi kwenye lori lake. Mume wangu alimkaribisha chai. Yule mtu akanywa vikombe viwili. Kisha mume wangu akamwambia kwa upole, "Asante kwa kuja. Chuma chakavu kiko kule nyuma, majembe na jiko bovu. Hili linawaka." Na ili ajue kwamba linawaka, akaniambia niliwashe. Liliwaka kwa mzunguko wa kwanza. Yule mtu akacheka, akabeba majembe na jiko akaenda zake.

Mwezi mmoja baadaye akaja mwenye kinu cha posho cha Kanduyi. Injini yake ilikuwa imekufa, na wanawake walikuwa wanatembea mbali na mizigo kichwani kutafuta pa kusaga. Yeye hakuhitaji magurudumu. Alitaka trekta lisimame mahali pamoja, lizungushe kinu kwa mkanda. Mume wangu aliuliza mengi: litakuwa ndani au nje, nani atalitia mafuta, maji yatatoka wapi. Aliporidhika akasema sawa. Nililiendesha mwenyewe mpaka Kanduyi, tumbo likinigusa usukani, na mume wangu akanifuata kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amekalia magunia matatu ya majani ili asitikisike. Yeye na mwenye kinu walilipanga sawasawa na puli, lile gurudumu la kinu linaloshika mkanda, wakachimbia magurudumu ardhini, wakavalisha mkanda. Mahindi ya kwanza kusagwa yalikuwa yetu. Unga ulitoka ukiwa wa moto, nikaupokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo mume wangu akawa mtu wa kwenda kusaga. Katika maisha yake yote hakuwahi kubeba mahindi kwenda kinuni, ni kazi ya wanawake, lakini sasa kila wiki alijikongoja na kimfuko kisichojaa hata kilo mbili. Wanawake kwenye foleni walimpa nafasi ya mbele akakataa. Alitaka foleni. Alikaa kwenye gogo akisikiliza, na wakati mwingine akamwita mwenye kinu, "Bwana, plagi ya tatu hiyo," naye anaenda kutazama, na kweli ni ya tatu.

Lile jekundu lilikuwa gumu zaidi kwangu. Kitoto kilikwisha kuzaliwa alipokuja mwalimu mmoja wa upande wa Kimilili, aliyeacha kufundisha ili alime, akiwa na mkewe. Mwalimu alilitazama vizuri, akauliza bei, akaridhika. Mume wangu alimgeukia yule mke, aliyekuwa amesimama mbali kidogo kwa adabu.

"Na wewe, binti yangu, umewahi kushika usukani?"

Yule mwanamke akacheka akifunika mdomo. Mwalimu naye akacheka. Mume wangu hakucheka.

"Siuzi kwa mtu mmoja," akasema. "Nauza kwa wawili. Mimi nilianguka, na nyumba yangu haikuanguka, kwa sababu huyu alijua." Akaninyooshea ile fimbo yake. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo mbele za watu. Nilijifanya namtazama mtoto.

Walikaa kwetu siku tatu. Mwalimu alijifunza kwa mume wangu, na mkewe akajifunza kwangu. Nilimwonyesha dole gumba linapokaa kwenye hendeli. Nilimwambia alie akiwa juu, hakuna atakayesikia. Siku ya tatu alilima mstari ulionyooka kuliko wa mumewe, na mwalimu, nimpe heshima yake, alipiga makofi.

Asubuhi ya kuondoka mume wangu alikuwa ameliosha na kulipaka grisi kila mahali, akaandika kwenye daftari la shule kila tabia yake, kwa mwandiko wake wa mkono uliopinda. Alimpa mwalimu daftari, akampa na ile sufuria. Kisha akaingia ndani. Mimi nililiendesha mpaka mtoni, yule mke na mwalimu wamekaa kwenye trela, na pale nikashuka naye akapanda. Nikamwambia, "Ukisikia linanguruma kwa sauti nene, lipe pumzi, ondoa mguu." Akasema, "Ndiyo, mama." Walipotea kwenye kona, lakini niliendelea kulisikia mpaka lilipopanda kilima. Nilirudi kwa miguu. Mikono ilinuka mafuta ya taa, na sikuinawa mpaka mtoto alipotaka kunyonya.

Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, shamba letu wenyewe halikuwa na wa kulilima. Mume wangu alikuwa amepanga kuagiza trekta la chama, lakini foleni yake ilikuwa ndefu. Nikaanza kulima kwa jembe, kidogo kidogo, kwa mkono mmoja mzuri. Siku ya nne, jua halijapanda vizuri, nikasikia vyuma vinagongana njiani na watu wanapigia ng'ombe miluzi. Nilitoka nikaona jozi saba za maksai, kila moja na plau lake, zinaingia shambani kwetu. Ni wale watu wa mashamba manane, au watoto wao. Hata wale waliopita nyuma ya nyumba walikuwepo. Hakuna aliyekuwa ameitwa. Mama mkwe wangu, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alikuwa ameketi mpakani amewatangulia, na nadhani yeye ndiye aliyejua tangu jana yake.

"Mama, leo pumzika," akaniambia mmoja wao, mzee mwenye mvi kuliko mimi, akiniita mama kwa heshima. "Wewe ulitulimia na mvua shingoni. Tuliona."

Nilipika ugali kwa sufuria tatu za kuazima, na kuku wawili, na maharage. Walimaliza kabla ya saa nane. Walipokuwa wananawa mikono, mume wangu alijikongoja mpaka pembeni mwa shamba, akasimama na fimbo yake, akatazama mistari ile mirefu ya maksai.

"Imepinda," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Imepinda sana," nikasema.

Akarudi akakaa nao, akawapakulia yeye mwenyewe.